Jicho la Mnunuzi Buchani: Maswali na Majibu Kuhusu Rangi ya Nyama

Saa moja asubuhi kwenye bucha moja ya Buguruni, jijini Dar es Salaam, paja la ng'ombe linaning'inia kwenye ndoano nyuma ya kioo, na mhuri wa mkaguzi umekolea juu ya mafuta yake. Mama mwenye kikapu anasogea, anatazama kwa muda, kisha ananyoosha kidole: "Kaka, nikatie hapa pajani. Hiyo nyeusi ya chini usiniwekee." Muuzaji habishani naye. Anajua hakuna maelezo yatakayomfanya mama huyu achukue kipande cha chini, hata kama kimetoka kwa ng'ombe yuleyule aliyechinjwa alfajiri ileile.

Embe hubonyezwa na kunuswa, mchele hutafunwa punje mbili tatu kabla ya kupimwa. Nyama mbichi haionjwi. Buchani hakuna tarehe ya kuchinjwa iliyoandikwa popote, na kwenye duka kubwa nyama imefungwa kwa plastiki isiyopitisha harufu. Kinachobaki ni jicho, na jicho hilo ndilo linalopanga bei, linaloamua nyama ipi itoke na ipi ibaki hadi jioni, na wakati mwingine linalompeleka mnunuzi pabaya. Maswali yaliyo hapa chini ni yale yanayojirudia kila siku kati ya wanunuzi na wauzaji. Majibu yametokana na sayansi ya nyama na visa vilivyotokea kweli, hapa Afrika Mashariki na kwingineko.

Je, rangi ina nguvu kiasi hicho kweli, au ni mazoea tu ya watu wa mjini?

Ina nguvu, na imepimwa. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Ireland, Hood na Riordan, walifuatilia mauzo ya nyama ya ng'ombe iliyofungwa dukani. Waligundua kwamba rangi ya kahawia inapofika kiasi cha asilimia 20 tu ya rangi yote ya juu ya nyama, wateja huchukua pakiti moja ya namna hiyo kwa kila pakiti mbili zilizo nyekundu. Nyama ilikuwa bado salama. Ilikuwa imepoteza sura tu, na mauzo yake yakashuka hadi nusu.

Nchini Marekani, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba karibu asilimia 15 ya nyama ya ng'ombe madukani hupunguzwa bei kwa sababu ya kubadilika rangi, na hasara yake kwa mwaka ilifikia dola bilioni 1. Huo ni mzigo mkubwa wa chakula kizuri kinachoshushwa thamani, na kingine hutupwa kabisa, kwa kosa la kuonekana vibaya.

Kuna utafiti mwingine unaostahili kusimuliwa. Mwaka 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah State waliwaonyesha watu nyama ya ng'ombe ya rangi tatu: nyekundu, zambarau na kahawia. Walipoulizwa wangenunua ipi, nyekundu ilishika nafasi ya kwanza, zambarau ya pili, kahawia ya mwisho. Ilipofika wakati wa kula, tofauti hiyo ilitoweka, na alama za ladha hazikufuata rangi. Ulaini, majimaji na utamu wa nyama yenyewe ndivyo vilivyoamua. Jicho lilikuwa limetoa hukumu juu ya jambo ambalo ulimi haukuliona kabisa.

Ule wekundu ni damu?

Hapana. Mnyama aliyechinjwa vizuri hutokwa na sehemu kubwa ya damu yake, na inayobaki kwenye mnofu ni kidogo sana. Wekundu unaoonekana, pamoja na yale majimaji mekundu yanayokusanyika kwenye sinia au mfuko, ni maji ya nyama yaliyochanganyika na protini iitwayo mayoglobini. Nyama mbichi isiyo na mafuta ina maji kiasi cha asilimia 75, kwa hiyo si ajabu ikatoa majimaji.

Mayoglobini hukaa ndani ya msuli, na kazi yake ni kuutunzia oksijeni. Katikati yake kuna chembe ya madini ya chuma, na hapo ndipo mambo yote ya rangi hutokea. Mwaka 1958 John Kendrew wa Cambridge alionyesha umbo la protini hii kwa kutumia ile ya nyangumi, na mwaka 1962 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Max Perutz. Mayoglobini ikawa protini ya kwanza ambayo wanadamu waliiona umbo lake lote. Wapishi hawakuwa na habari, ila walikuwa wameishika mikononi siku zote.

Chuma hicho kikikosa oksijeni, nyama huwa ya zambarau iliyokolea. Kikipata oksijeni ya hewani, nyama hung'aa ikawa nyekundu. Muda ukienda, chuma chenyewe kikipata kutu ya namna yake, rangi hugeuka kahawia. Mabadiliko haya yanaweza kushuhudiwa jikoni bila kifaa chochote. Mnofu mnene wa ng'ombe ukikatwa kwa kisu kikali, uso uliokatwa huonekana wa zambarau, karibu na weusi. Ukiachwa wazi kwa dakika 20 hadi 30, uso uleule huwa mwekundu wa kupendeza. Na vipande viwili vikilazwa kimoja juu ya kingine kwenye friji usiku kucha, pale vilipogusana huonekana rangi ya kahawia, ilhali pembeni kumebaki wekundu. Nyama ni ile ile. Kilichotofautiana ni hewa iliyoifikia.

Ndiyo maana pakiti iliyonyonywa hewa yote huwa na nyama ya zambarau. Wengi huirudisha kwenye rafu wakidhani imelala, kumbe ndiyo iliyohifadhiwa vizuri kuliko zote.

Kwa nini basi kuku ni mweupe na ng'ombe ni mwekundu?

Ni kiasi cha mayoglobini. Ng'ombe anayo nyingi, mbuzi na kondoo wanamfuatia, nguruwe ana kidogo, na kifua cha kuku wa kisasa hakina cha kuonekana. Umri nao unaongeza: ndama ana nyama ya waridi, ng'ombe mzee ana nyama iliyokolea. Na msuli unaofanya kazi sana huwa mweusi zaidi kuliko uliopumzika, ndiyo sababu paja la kuku ni jeusi kuliko kifua, na kuku wa kienyeji anayetembea kutwa ana mnofu uliokolea kuliko wa kisasa aliyekaa bandani wiki chache. Mteja anayemlipia kuku wa kienyeji bei ya juu kwa kuangalia rangi ya paja hakosei sana.

Nyama ikishageuka kahawia, imeharibika?

Si lazima. Hili ndilo swali linalofanya chakula kingi kitupwe majumbani, kwa hiyo linahitaji jibu la wazi.

Kahawia huonyesha kwamba chuma cha mayoglobini kimepata ile kutu yake. Haionyeshi kwamba bakteria wameshaishambulia nyama. Steki iliyokaa kwenye friji siku mbili ikabadilika rangi juu, lakini haina harufu mbaya na haitelezi, inapikwa na kuliwa. Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho cha hatari: nyama inaweza kubaki nyekundu ilhali vimelea vya magonjwa vimejaa. Salmonela na aina mbaya za E. koli hazibadilishi rangi ya nyama hata kidogo.

Dalili za kuharibika ni nyingine. Ya kwanza ni harufu ya uchachu au uvundo. Ya pili ni utelezi unaonata vidoleni, ule ambao hautoki hata kwa kufuta. Ya tatu ni rangi ya kijani inayotokana na bakteria. Hapa pana tahadhari moja, kwa sababu kuna kijani kisicho na ubaya. Kipande cha nyama iliyokatwa vizuri, hasa iliyopikwa na kupozwa, kinaweza kumetameta rangi za upinde wa mvua kikielekezwa kwenye mwanga. Hiyo ni mianga inayopindishwa na nyuzi za msuli zilizokatwa. Kipande kikigeuzwa, mng'ao unahama au unapotea. Kijani cha uozo hakihami.

Ng'ombe amechinjwa leo alfajiri, lakini nyama ni nyeusi na inanata. Muuzaji anaapa kwamba si ya jana. Je, anadanganya?

Huenda anasema kweli, na kosa likawa limefanyika siku moja au mbili kabla ya kisu.

Msuli wa mnyama mwenye afya, aliyepumzika na kula, una akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Baada ya kuchinjwa, akiba hiyo hugeuka asidi, na pH ya nyama hushuka kutoka karibu 7 hadi kati ya 5.4 na 5.7. Asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama rangi yake nyangavu na kuizuia isioze haraka. Mnyama aliyeteseka safarini, akakosa maji na malisho, akapigwa na kusukumana na wenzake, hufika machinjioni akiba imekwisha. Asidi haitengenezwi ya kutosha, pH hubaki juu ya 5.8 au 6, na nyama hutoka nyeusi, ngumu kuigusa na kavu juu. Kwa kuwa asidi ni kidogo, nyama hiyo pia huoza upesi kuliko nyingine.

Afrika Mashariki inalijua tatizo hili vizuri hata pale isipolitaja. Ng'ombe wanaouzwa kwenye mnada wa Pugu, nje kidogo ya katikati ya Dar es Salaam, wengi wametoka mikoa ya mbali, wakiwa wamesimama kwenye lori kwa mamia ya kilomita. Wanaochinjwa Dagoretti, Nairobi, huletwa kutoka maeneo ya wafugaji ya kaskazini na kusini mwa Kenya. Fimbo inayotumika kuwashusha huacha alama mara mbili: mchubuko mwekundu unaokatwa na kutupwa, na weusi wa mnofu mzima ambao mteja anaukataa kwenye ndoano.

Tiba yake haihitaji mashine. Ni mapumziko na maji kabla ya kuchinja, ni kutompandisha mnyama kwenye lori lililojaa kupita kiasi, ni kuacha kumpiga. Mafundisho ya Kiislamu ya uchinjaji yanamtaka mchinjaji anoe kisu chake na amsitiri mnyama na mateso. Karne nyingi baadaye, vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba mnyama aliyetendewa hivyo hutoa nyama bora. Mfanyabiashara anayebana gharama ya ndoo chache za maji mnadani anaipoteza fedha hiyo hiyo buchani, tena mara nyingi kwa kiasi kikubwa zaidi.

Ni kweli kuna dawa za kuifanya nyama ibaki nyekundu?

Ni kweli. Julai 2019, runinga ya NTV ya Kenya ilirusha habari ya uchunguzi iliyoitwa "Red Alert", ikieleza jinsi nyama kwenye baadhi ya maduka makubwa ilivyokuwa ikitiwa kemikali ili ionekane mbichi kwa siku nyingi. Iliyotajwa zaidi ni sodiamu metabisalfaiti. Habari hiyo iliitikisa nchi. Wakaguzi wa afya waliingia madukani kuchukua sampuli, na familia nyingi za Nairobi zikarudi kwa muuza nyama wa mtaani ambaye angalau wanamjua kwa sura.

Ufanyaji kazi wa kemikali hiyo ni rahisi kuueleza. Salfaiti huirudisha mayoglobini iliyogeuka kahawia kwenye hali ya wekundu, na pia hupunguza harufu. Maana yake inazima dalili mbili ambazo mnunuzi anazitegemea, rangi na pua, ilhali nyama inaendelea kuzeeka. Marekani hairuhusu salfaiti kwenye nyama kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine: inaharibu vitamini B1, ambayo nyama ni chanzo chake kizuri. Kwa baadhi ya watu wenye pumu, salfaiti inaweza kuamsha shambulio la kubanwa kifua.

Uganda nayo ilipata mshtuko wake mwanzoni mwa 2018, baada ya kuenea kwa habari za wauza nyama wa Kampala waliodaiwa kutumia formalini ili nyama isioze na nzi wasitue. Formalini ni dawa ya kuhifadhia maiti, na kemikali iliyomo ndani yake imewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Tangu hapo umeenea usemi mitaani kwamba nyama isiyo na nzi usinunue. Usemi huo ni mbaya. Nzi hubeba vijidudu kutoka jalalani na chooni, na bucha yenye wavu, kioo na friji haitakuwa na nzi kwa sababu nzuri kabisa. Kinachopaswa kumtia mtu wasiwasi ni nyama iliyo wazi, nje, saa saba mchana penye joto, nzi wamejaa kwenye meza ya jirani lakini yenyewe hawaigusi, na ukiinusa inachoma pua.

Kuna pia njia zisizofichwa. Norway ilitumia kiasi kidogo cha gesi ya kaboni monoksidi kwenye pakiti za nyama kuanzia mwaka 1985 hadi 2004, ilipolazimika kuacha kufuata kanuni za Ulaya. Gesi hiyo hushikamana na mayoglobini na kuipa wekundu wa cheri usiofifia. Mwaka huo huo wa 2004, Marekani ilikubali matumizi yake kwa kiwango cha asilimia 0.4. Kwa kiwango hicho gesi yenyewe haimdhuru mlaji. Ubishi ni juu ya jambo jingine: nyama inaweza kupitwa na wakati ikiwa bado inang'aa, na mnunuzi asiyesoma tarehe akabaki hana kinga. Ulaya imeshikilia katazo lake, na kwa masoko kama ya kwetu, ambako friji hukatikiwa umeme na tarehe hazisomwi, katazo ndilo lenye busara.

Na zile taa nyekundu za buchani?

Hazibadilishi nyama, zinabadilisha macho. Taa ya waridi huongeza wekundu wa mnofu na kuficha kahawia. Kuna namna nyepesi ya kuigundua: mnunuzi aangalie mafuta. Mafuta meupe yakionekana ya waridi, basi anaangalia taa. Aombe kipande kitolewe kwenye mwanga wa jua kabla hakijapimwa. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Mafuta ya njano ni dalili ya ng'ombe mzee au mgonjwa?

Mara nyingi ni dalili ya ng'ombe aliyekula majani. Nyasi mbichi zina karotini, rangi ile ile iliyomo kwenye karoti, na ng'ombe huihifadhi kwenye mafuta. Ng'ombe wa malishoni, hasa baada ya mvua nzuri, huwa na mafuta ya njano, na aliyenenepeshwa kwa nafaka huwa na mafuta meupe. Mbuzi, kondoo na nyati huigeuza karotini karibu yote kuwa vitamini A, kwa hiyo mafuta yao hubaki meupe hata wakilala kwenye majani. Umri wa ng'ombe unachangia, kwa kuwa karotini hukusanyika mwaka baada ya mwaka, lakini peke yake hautoshi kumhukumu. Ugonjwa wa ini nao unaweza kuupaka mwili mzima unjano, ila huo huonekana hata kwenye kano na utando, na kuutambua ni kazi ya mkaguzi machinjioni.

Ladha ya macho katika jambo hili hutegemea nchi. Japani ina vipimo rasmi vya rangi ya mafuta, vya ngazi 1 hadi 7, na vya rangi ya nyama yenyewe, navyo 1 hadi 7. Mafuta meupe yanayong'aa hupata alama za juu. Juu ya hapo kuna kipimo cha mafuta yaliyotawanyika ndani ya mnofu kama mishipa ya jiwe la marumaru, cha 1 hadi 12, na hicho ndicho kinachoifanya nyama ya daraja la A5 iuzwe kwa bei ya kushangaza. Marekani nayo imekuwa ikipanga nyama kwa madaraja tangu 1927, na mafuta ya ndani ya mnofu ndiyo yenye uzito mkubwa.

Ng'ombe wa asili wa Afrika Mashariki, wakiwemo zebu wenye nundu, hawana mafuta mengi ndani ya mnofu. Mnunuzi wa Kigoma au Kisumu akiona mistari myeupe ndani ya steki huenda akaomba abadilishiwe. Hakosei kwa jiko lake. Nyama inayochemshwa saa mbili, ikaungwa nazi au nyanya, hupata ulaini wake kutoka kwenye kano zinazoyeyuka polepole, na mafuta ya ndani yana kazi kubwa pale tu nyama inapochomwa haraka kwenye moto mkali. Madaraja ya Tokyo yaliandikwa kwa ajili ya upishi wa Tokyo, na hoteli zinazodharau nyama ya malishoni kwa sababu ya unjano wake zinapima kwa rula isiyo yake.

Mtu atajuaje kwamba mbuzi wake ni mbuzi?

Kwa kuangalia mkia. Wauza mbuzi wengi huuacha mkia na manyoya yake kwenye mzoga mpaka mwisho, kwa makusudi, ili mteja ajionee mwenyewe, maana mkia mfupi wa mbuzi haufanani na mkia wa kondoo uliojaa mafuta. Ni ushahidi wa zamani na mzuri sana.

Nyama ikishasagwa, jicho limekwisha kazi. Januari 2013 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilitangaza kwamba vipimo vya DNA vimekuta nyama ya farasi kwenye baga zilizouzwa kama za ng'ombe, na katika bidhaa moja ilifika asilimia 29 ya kiasi cha nyama ya ng'ombe. Wateja waliitazama, wakainunua, wakaila, na hakuna aliyegundua kwa macho. Anayetaka nyama ya kusaga achague mnofu wake na asagiwe akiwa amesimama hapo.

Nyama ikishaiva, rangi inaaminika?

Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Idara ya Kilimo ya Marekani inaeleza kwamba katika kila baga 4, 1 hugeuka kahawia ndani kabla haijafikia joto la usalama, ambalo kwa nyama ya kusaga ni nyuzi 71 za Selsiasi. Nyama iliyokwishaanza kugeuka kahawia ikiwa mbichi ndiyo hasa inayodanganya hivyo. Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 1993 magharibi mwa Marekani, pale baga zisizoiva za kampuni moja yenye migahawa mingi zilipoeneza E. koli, watu zaidi ya 700 wakaugua na watoto 4 wakafariki.

Upande wa pili upo pia. Nyama iliyochomwa kwa kuni inaweza kuwa na duara la waridi chini ya ganda la nje ingawa imeiva kabisa, kwa sababu gesi za moshi hushikamana na mayoglobini. Na kuku mchanga wa kisasa akipikwa, mfupa wake unaweza kuwa mweusi kwa sababu uboho umepenya kwenye mfupa ambao haujakomaa. Mama mkwe akiona weusi huo mezani atadhani kuku hakuiva, na mpishi atalaumiwa bure. Kipimajoto cha nyama ni suluhisho, na anayepika mishkaki ya biashara au kulisha watu wengi hana udhuru wa kutokuwa nacho.

Je, nyama zisizotokana na mnyama zimelitatua suala la rangi?

Zimelikuta lipo na kulazimika kulitumikia. Agosti 2013, Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht alipoonyesha jijini London baga ya kwanza iliyokuzwa maabara, iliyogharimu yuro 250,000, mnofu wake ulikuwa umefifia kwa kukosa mayoglobini ya kutosha. Watayarishaji waliongeza maji ya bitiruti na zafarani ili ifanane na nyama. Kampuni ya Impossible Foods ya California, iliyoanzishwa 2011, ilienda mbali zaidi ikachukua protini ya soya yenye chuma, binamu wa mayoglobini, ili baga ya mimea iwe nyekundu ikiwa mbichi na kugeuka kahawia ikiiva. Fedha nyingi zimetumika kuliridhisha jicho kabla ya ulimi.

Basi mnunuzi wa kawaida ashike lipi?

Aanze na mhuri. Nyama iliyokaguliwa machinjioni hupigwa mhuri wa wino usiodhuru, na mzoga usio na mhuri haufai kununuliwa hata ukiwa mwekundu namna gani. Tanzania ina Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, iliyounda Bodi ya Nyama. Kenya ina sheria zake za udhibiti wa nyama. Sheria hizo hufanya kazi zaidi pale mteja anapouliza.

Kisha anuse, na abonyeze kwa kidole kama anaruhusiwa: mnofu mzuri hurudi ulipokuwa na hauachi utelezi. Atazame gogo la kukatia, nguo ya muuzaji na kitambaa cha kufutia kisu, kwa kuwa uchafu wa hapo unaingia kwenye nyama yoyote, nyeusi au nyekundu. Anunue nyama mwisho, baada ya mchicha na nyanya, isizunguke naye juani. Nyumbani iingie kwenye friji ya nyuzi 4 au chini yake, au ipikwe siku hiyo hiyo. Nyekundu mno ambayo haibadiliki hata baada ya siku tatu nne kwenye friji ni ya kutiliwa shaka, na aliyeipata hivyo airipoti kwa bwana afya wa eneo lake badala ya kuitupa kimyakimya.

Wauza nyama nao wana sehemu yao. Anayeeleza kwamba kipande cha zambarau kimekatwa sasa hivi, na akamwomba mteja asubiri kidogo akione kikigeuka chekundu mbele yake, anafundisha zaidi kuliko anayewasha taa ya waridi. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa mnada zijenge vihori vya maji na kivuli cha kupumzikia ng'ombe kwenye minada hiyo hiyo, na ziwape wakaguzi vifaa vya kupimia salfaiti na formalini. Mnunuzi afungue mdomo kabla ya kufungua pochi: aulize mhuri uko wapi, mnyama amechinjwa lini na wapi. Bucha isiyoweza kujibu maswali hayo aiache, aende ya pili.